Désiré Aliyeomba Baridi

Mtu wa kwanza kunikasirisha kila asubuhi ni Désiré. Hajafungua hata kufuli la duka lake, ameshasimama mlangoni kwangu na kikombe kitupu, anauliza kama maji yamechemka. Birika analo. Tena ana vitu vya kupashia joto vingi kuliko mtu yeyote mtaa wa Point: hita za feni, hita za gesi, hita za mafuta zenye mapezi kama mbavu za ng'ombe aliyekonda, na blanketi nzito zenye picha za simba. Lakini chai atakunywa kwangu.

"Mama Matilda," ananiambia, "bidhaa ya duka haitumiwe na mwenye duka. Ukianza kuonja, utamaliza."

Mimi ninasuka nywele. Saluni yangu na duka lake vimetenganishwa na ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya, mteja wangu anamjibu "pole". Kwa hiyo haya sikuyaokota barabarani. Mengi niliyaona, mengine yalipita ukutani, na machache niliambiwa na mkewe, Laurette, ambaye ni rafiki yangu. Ndiyo maana Désiré namwita shemeji, ingawa mimi ni mtu wa Bukoba na wao ni wa Uvira, Kongo.

Alifika Durban akiwa kijana, baada ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na mabasi mengi na mipaka ambayo hapendi kuizungumzia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda magari, kazi iliyowalea Wakongomani wengi hapa: unavaa kizibao cha rangi ya machungwa, unasimama nje ya baa, unasubiri mwenye gari akurushie sarafu. Ilikuwa Julai. Watu hudhani Durban haina baridi, na kweli ukitulinganisha na watu wa Johannesburg sisi tumedekezwa. Lakini theluji ikianguka kwenye milima ya Drakensberg upepo wake hutufikia huku chini, na mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika hana mfupa wa kuupokea. Désiré alikuwa anavaa mifuko ya plastiki ndani ya koti ili apate joto. Anasema siku moja alisimama pale meno yakigongana, akaapa kwamba baridi iliyomtesa namna ile ipo siku itamlisha.

Na ilimlisha. Alianza na blanketi mbili mkononi, akaja na meza, akaja na duka. Kila Aprili anakwenda Chatsworth kwa Mhindi wa jumla kubeba mzigo, na kila Mei anaanza kuangalia mbinguni kama mkulima. Mwezi wa sita na wa saba ndio mwaka wake. Miezi iliyobaki anauza chaja za simu na kunywa chai yangu.

Nyumbani kwake kulikuwa Cato Manor, vyumba viwili vya nyuma kwenye nyumba ya bibi mmoja wa Kizulu. Sisi sote tulimwita Gogo, maana yake bibi, na sijui kama kuna aliyejua jina lake lingine. Gogo alikuwa mnene, miguu mibovu, mdomo mzima. Alimpenda binti yao Aurélie kuliko wajukuu zake, na kodi alikuwa hapandishi. Tatizo lilikuwa moja tu: nyumba yenyewe ilikuwa kando ya mto Mkhumbane. Ukisimama dirishani kwa Laurette ungeweza kutema mate yakaingia majini.

Kiangazi mto ule ni mfereji wa kuvuka kwa hatua chache. Lakini mafuriko ya Aprili 2022 yalipoua watu zaidi ya mia nne katika mji huu na viunga vyake, mmoja wao alikuwa Marie-Claire, mdogo wake Laurette, aliyekuwa amepanga chini kidogo ya hapo. Mwili wake haukuonekana. Tangu hapo, mvua ikinyesha usiku Laurette halali. Anavaa nguo zote, anakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vya mtoto mapajani, anasikiliza. Asubuhi anakuja saluni macho mekundu, nami najifanya sijaona.

Mwaka huu walikubaliana. Baridi ikipita, watahamia Sydenham, juu kabisa mlimani, mahali ambapo maji hupita yakienda kusumbua watu wengine. Vyumba walishavipata, na mwenye nyumba alikubali kuwangoja mpaka mwisho wa Septemba. Mpango mzima ulikuwa huo: baridi ije, hita ziuzwe, Laurette atoke mtoni kabla ya mvua. Na mtu asiniulize kwa nini hawakuhama zamani. Mwenye karatasi ya ukimbizi akitaka nyumba mahali pazuri anadaiwa malipo ya miezi mingi mbele, na hata hapo anaweza kuambiwa chumba kimeshachukuliwa. Anayeuliza swali hilo hajawahi kutafuta.

Baridi haikuja.

Mei tulisema bado mapema. Juni tulisema inachelewa. Julai, vijana waliokuwa wakiuza kofia za sufu kwenye robot, ndivyo tunavyoita taa za barabarani hapa, wakaziweka kofia na kurudi kuuza maji ya barafu. Wateja wangu walikuja na kandambili. Mbu hawakufa. Watu walijaa ufukweni katikati ya wiki kana kwamba ni Krismasi, na kila aliyeingia saluni alisema jambo lile lile: hali ya hewa nzuri jamani, Mungu anatupenda. Nami niliitikia. Nani anapenda kuosha nywele za watu kwa maji ya baridi?

Upande wa pili wa ukuta, Désiré alikuwa anateseka. Aliwasha hita moja akaiweka mlangoni ili kuvuta wateja, watu wakawa wanavuka barabara kuikwepa kama wanavyokwepa mbwa mkali. Alikata kipande cha boksi la hita akawa anajipepea nacho. Nilipomkuta hivyo nilicheka mpaka nikashika mlango.

"Shemeji, hilo ndilo tangazo la biashara?"

"Cheka tu," akasema. "Na mimi ningecheka kama ni duka ya mtu mwingine."

Laurette hakucheka. Yeye alikuwa na shida yake na joto lile, na haikuwa ya duka. Alinionyesha simu yake, ramani ya bahari yetu imepakwa rangi nyekundu kutoka Msumbiji hadi huku. "Unaona? Bahari iko na homa," akaniambia. "Ikiwa na homa hivi mu mwezi ya saba, itatapika lini?" Nikamwambia akae nimsuke bure, kwa kuwa hicho ndicho ninachokijua.

Yupo kijana wa Kitanzania, Ephraim, mwanafunzi wa chuo kikuu, anayekuja kwangu kusokotwa upya rasta zake. Mambo ya tabianchi ndiyo anayosomea. Siku moja Désiré alimsikia ukutani, akaja na kikombe chake, akasimama mbele yake.

"Wee bwana mwenye masomo. Fasiria. Baridi imeenda wapi?"

Ephraim akafasiria, na alifasiria vizuri, bila kujivuna. Kwamba dunia inapata joto, na bahari ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya joto hilo. Kwamba bahari yenye joto inarusha maji mengi zaidi angani, na yakishuka yanashuka kwa pamoja. Kwamba baridi haijafa, ila imekosa utaratibu: inaweza kukaa miezi bila kuonekana, halafu ikaja siku moja kwa hasira. Désiré akamwuliza joto lenyewe linatoka wapi. Ephraim akasema ni makaa na mafuta tunayochoma. Kwa mfano umeme wa nchi hii, sehemu kubwa unatokana na makaa ya mawe, na tunautumia kwa taa, kwa majiko, kwa...

Alikuwa ameona ile hita ya mlangoni kwa Désiré.

"Maliza," Désiré akasema. "Kwa hita."

"Kwa vitu vingi, kaka."

"Donc, basi, hita za Désiré wa Point njo zenyewe zinapasha bahari moto, bahari inapasha mwezi ya saba, na mimi sipate kuuza hita." Akatugeukia wote, mimi na mteja wangu na Ephraim mwenye kichwa kilichojaa nta. "Nimejifungia duka mimi mwenyewe!"

Tulicheka sote, hata yeye. Lakini alipotoka hakuwasha tena ile hita ya mlangoni.

Kilichomkata maini zaidi ni simu za nyumbani. Mama yake yupo Uvira. Ziwa Tanganyika limepanda kwa miaka kadhaa sasa, limeingia mitaani, na nyumba ya mtaa wa Kavimvira alimozaliwa Désiré ina maji hadi madirishani. Mama anaishi kwa binamu, kwenye mwinuko. Kila Jumapili alikuwa anamwuliza mwanawe kama huko Afrika Kusini amepata mahali pakavu. Désiré alikuwa anajibu ndiyo, mama, tuko karibu. Nilikuwa namsikia.

Sasa nifike kanisani.

Kanisa letu lipo Cato Manor juu, kwenye jengo lililokuwa gereji, na bado sakafu ina madoa ya oili ambayo hakuna ibada iliyoyatoa. Mimi ni Mlutheri, lakini naenda pale kwa sababu wanahubiri Kiswahili na wanaimba mpaka mtu asahau kodi. Mchungaji wetu, Pastor Anicet, ana kanuni mbili. Ya kwanza: ukiomba, taja. Hataki mambo ya "Bwana unajua haja za mioyo yetu". Unataka kazi, sema kazi. Unataka mume, sema mume, na kama ana mguu mmoja umechagua mwenyewe. Ya pili: aliyeomba mbele ya kanisa akapewa, lazima arudi mbele ya kanisa kushuhudia, kwa kipaza sauti kile kile. Mtu akipata kazi halafu akanyamaza, Pastor anamwita kwa jina.

Jumapili moja ya Agosti, wakati wa maombi, Désiré akasimama. Nilidhani anaombea mama yake.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Wapendwa, niko naomba kanisa inisaidie. Naomba baridi."

Kanisa zima likaangua kicheko. Vijana wa kwaya walipigana mabega. Mimi nilijificha nyuma ya leso. Laurette, pembeni yangu, hakucheka wala hakuinua kichwa.

"Muniache nimalize," Désiré akasema, naye akitabasamu kidogo. "Duka yangu munaijua. Sipate kuuza, sipate kuhama. Na Laurette munajua penye analala. Nataka nimutoe pale mbele ya mvua. Sina njia ingine. Baridi kidogo tu, hata ya wiki moja."

Hapo vicheko vilipungua. Ndipo Mama Prodige akasimama, upande wa wanawake. Huyu ni mama mpole, sauti yake huisikii hata akiimba. Mumewe, Josias, alikufa baridi ya mwaka jana. Alifanya walichokuwa wakifanya kwao milimani Minembwe: aliingiza jiko la makaa chumbani, akafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke. Lakini kule nyumba ni za nyasi na zinapumua. Hapa chumba kilikuwa cha bati na plastiki. Hewa ya makaa ilimchukua usingizini. Mama Prodige alikuwa kazini, zamu ya usiku, na mtoto alikuwa kwa jirani.

"Pastor, na mimi niliomba," akasema. "Tangu mwezi ya kwanza niko naomba joto. Sikuwaambia watu, lakini nilitaja, vile ulitufundisha. Nilisema, Bwana, mwaka huu mtu asikufe na baridi. Ameniitikia. Hakuna mtu amekufa. Sasa huyu kaka anataka Mungu abadilishe?"

Désiré alisimama na kipaza sauti mkononi, ametoa macho. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tunasema, lakini pale hapakuwa na mwenye shibe. Walikuwa wenye njaa wawili na sahani moja.

Pastor Anicet alijikuna shingo. Akafumba macho, akaanza: "Bwana, wewe unayejua haja za mioyo yetu..."

"Hapana, Pastor," Désiré akasema, taratibu, kwa heshima. "Pole. Lakini ni wewe ulitufundisha kutaja."

Basi Pastor akataja. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Baridi, Bwana. Ya kadiri." Wengine wakasema amina, wengine wakakaa kimya. Mama Prodige alichukua mkoba wake akatoka nje.

Tulipokuwa tunashuka nilimtania Désiré, kwa kuwa nilimwona amenyong'onyea. "Usijali, shemeji. Dua la kuku halimpati mwewe."

"Mama Matilda, kila usiku ya mvua bibi yangu anakaa na viatu ya mtoto mu mikono," akasema. "Mimi nifanye nini? Nimufunike na blanketi ya simba?"

Sikumtania tena siku hiyo.

Agosti ikaisha na joto lake. Septemba ikaingia, na kwenye duka lake masanduku ya hita yalikuwa yamefika darini. Alianza kusema kwamba atawaomba Sydenham wamngojee mpaka mwakani. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

Halafu ikaja ile Ijumaa. Asubuhi upepo uligeuka, ukawa unatoka kusini, na ulikuwa na meno. Redio ikasema theluji imefunga barabara kuu kule milimani. Watu walikuwa wametoka nyumbani na fulana za mikono mifupi, wakawa wanapita Point wamejikumbatia. Mvua nayo ikaanza, nyembamba kwanza, ya kulalia, kisha nene. Kabla sijachemsha maji, nje ya duka la Désiré palikuwa na watu wanasukumana. Sijawahi kuona. Mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi, mzee mmoja alitaka hita tatu. "Eish, bhuti, harakisha!" walikuwa wanamwambia, bhuti maana yake kaka. Désiré alikuwa anashusha masanduku kutoka darini huku anacheka peke yake kama mlevi.

Laurette alipiga simu. Niliisikia ukutani, kwa kuwa Désiré aliweka sauti kubwa ili mikono ifanye kazi.

"Désiré, mto unapanda."

"Chukua mtoto, pandeni kanisani. Sasa hivi."

"Gogo hataki kutoka. Anasema mto unamujua. Na hata angetaka, miguu haimubebe, na mimi simuwezi. Kuya umubebe."

"Niko nakuja. Nimalize hawa watu kidogo tu. Laurette, zinaisha! Kesho tunahama!"

Nilitoka nikaenda kwake. Nikamwambia, nenda, mimi nitauza. Alinitazama, jasho linamtoka katika baridi ile, sanduku kifuani.

"Niko namuhamisha, Mama Matilda," akasema. "Hii njo kumuhamisha yenyewe."

Watu watamlaumu, na najua wapo wanaomlaumu. Basi niseme ninachokijua. Laurette alipopiga simu ile, teksi za Cato Manor zilikuwa zimeshaacha kwenda. Dereva mmoja aliingia saluni kwangu kujikinga akaniambia daraja halipitiki kwa gari. Angetoka wakati ule ule angekwenda kwa miguu, na kwa miguu asingefika kwa wakati. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara hafiki. Lakini yeye hataki hesabu yangu.

Laurette alimpandisha mtoto kanisani, akamwacha kwa Mama Prodige, akarudi. Maji yalikuwa yamefika kiunoni uani. Alisukuma mlango wa Gogo, haukufunguka, maji yalikuwa yanaushikilia kwa ndani. Alimsikia Gogo anaimba tenzi. Aliita, akapiga dirisha kwa jiwe, na wanaume wawili wa jirani wakamvuta kwa nguvu kwa sababu ukuta wa nyuma ulikuwa unaanza kwenda. Ukaenda. Vyumba vyao viwili vilitangulia, nyumba ya Gogo ikafuata.

Simu ya pili ilikuwa ya Mama Prodige. Désiré aliisikiliza amesimama, akaiweka mfukoni, akatoka dukani bila kufunga. Nilifunga mimi, nikamfuata. Tulitembea kutoka Point mpaka Cato Manor mvua ikitupiga, na njia nzima hakusema neno ila mara moja tu: "Zimebakia mbili." Sikujua kama ananiambia mimi.

Laurette tulimkuta kanisani amekaa kwenye sakafu ile ya oili, amefunikwa blanketi, mtoto amelala pajani. Walikuwapo watu wengi namna hiyo. Désiré alipiga magoti mbele yake. Mtu akichanganyikiwa husema alichokuwa amekiandaa njiani, hata kama hakifai tena.

"Tunahama," akasema. "Nimepata. Sydenham. Tunahama."

Laurette alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza mimi.

"Tunahama na nini?" akauliza.

Akavuta blanketi juu ya mtoto. Gogo walimpata kesho yake, mbali, chini kabisa kuelekea bandarini. Laurette alisema walau huyu ameonekana.

Jumamosi jua lilitoka. Jumapili lilikuwa kali kama la Desemba, baridi yenyewe imekwenda zake, siku mbili tu ilikaa. Ephraim alikuja kanisani kusaidia kupanga magodoro, akamkuta Désiré nje ameegemea ukuta. Mtoto wa watu alitaka kumfariji. Alimwambia asijibebeshe mzigo usio wake. Kwamba mvua ile ilitokana na bahari yenye joto na upepo wa kusini uliokutana juu yetu, na ingekuja hata kama kanisa zima lingeomba jua.

"Ephraim," Désiré akamjibu, "ile siku ulisema ni hita."

"Sikusema ni hita zako, kaka."

"Kwa maombi ni mimi. Kwa masomo yako ni mimi pia. Nitafutie ya tatu."

Ephraim alinitazama mimi. Mimi nami nilikuwa natafuta, na ningali natafuta. Siamini Mungu anaweza kumzamisha bibi kizee ili mtu auze hita. Nilimwambia hivyo shemeji yangu, tena kwa ukali. Lakini alichoomba alikipata, siku zile zile alizozihitaji, na maneno yangu yote hayakuweza kulizunguka hilo.

Ibada ilifanyika magodoro yakiwa yamesukumwa ukutani. Mama Prodige, aliyekuwa amewapikia uji wote waliolala pale, alikaa mbele. Ulipofika wakati wa ushuhuda Pastor Anicet aliuruka. Niliona kabisa: alitazama upande wa Désiré, akageuza macho, akaanza kutangaza habari za mazishi. Désiré akasimama mwenyewe, akaenda mbele, akanyoosha mkono. Pastor hakuwa na la kufanya, alimpa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe."

Waliojibu walikuwa wachache, na walijibu chini chini.

"Niliomba baridi," akasema. "Ilikuya. Hita zimeuzika."

Akasimama pale. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu na watu walikuwa wanatoka jasho. Mama Prodige alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Laurette alikuwa anamtazama mumewe kama anayetazama mtu aliye ng'ambo ya maji.

Pastor Anicet ni mtu mwema. Alitaka kumsaidia ashuke pale, akamwekea mkono begani, akamwuliza lile swali analomwuliza kila anayeshuhudia. "Ndugu Désiré, na leo uko na ombi gani? Taja, kanisa ikubebe."

Sote tulijua anayo mengi. Mkewe hakuwa amelala tangu Ijumaa. Mtoto alikuwa anamwulizia Gogo. Mama yake Uvira alikuwa hajapigiwa simu, kwa sababu hakuna aliyejua aambiwe nini. Kina mama walishafumba macho, mikono juu, wanamsubiri ataje.

"Sina, Pastor," Désiré akasema. "Niko naogopa kuomba."

Akarudisha kipaza sauti, akaenda kukaa.